Ndoo ya pili ya nini? Jibu kwa mpika bia wa Mtwara

SWALI: Mtaalamu, salaam. Niko Shangani, Mtwara. Napika bia nyumbani, lita 20 kwa mpigo, kwa kimea cha shayiri na hopsi za peleti (maua ya kuipa bia uchungu na harufu, yaliyosagwa na kugandamizwa kama vidonge) ninazoagiza kupitia Dar es Salaam. Maelekezo ninayofuata yanasema siku ya saba nihamishie bia kwenye ndoo ya pili, nitie gramu 100 za hopsi, niiache wiki mbili, ndipo nijaze chupa. Mpigo wa kwanza ulinuka majani, kama mtu amefyeka uwanja. Wa pili nikaogopa, nikaiweka ndoo ya pili kwenye friji ya dukani kwa shemeji, hopsi zikakaa siku mbili tu, nikatia gramu 140 za sukari na kujaza chupa. Ulinukia vizuri ajabu. Lakini wiki tatu baadaye chupa mbili zimepasuka kabatini, na nyingine nikifungua bia yote inaruka. Haidromita (kipimo cha uzito wa bia, ambacho namba yake hushuka sukari inapoliwa) ilisoma 1.014 kabla ya kutia hopsi. Je, hopsi zilikuwa mbovu au ni joto la huku? Na msimu wa mabibo ukifika, naweza kutia juisi yake kwenye ndoo ya pili?

JIBU: Ndugu yangu, nadharia tuiweke pembeni kwanza, twende kabatini. Chupa zilizobaki usizishike kwa mkono mtupu. Vaa miwani na glavu nene, funika kila chupa kwa taulo lililolowa, uihamishie kwenye friji ya shemeji au kwenye ndoo ya barafu yenye mfuniko. Watoto wakae mbali. Bia baridi hushika gesi nyingi zaidi ndani yake, kwa hiyo presha ya chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30 hushuka chini ya nusu ikipoa hadi nyuzi 5. Ziache usiku kucha, kisha kesho yake legeza vizibo polepole, gesi itoke, funga upya kwa vizibo vipya. Rudia siku inayofuata. Zikiendelea kuruka, mwaga. Hakuna bia inayofaa kulipiwa jicho.

Sasa swali lenyewe. Hopsi zako hazikuwa mbovu. Joto limechangia kwa mpigo wa kwanza, hilo ni kweli. Ila kwa mpigo wa pili, kilichokuponza ni ile friji.

Hopsi ni maua ya mmea jike unaotambaa, na ndani yake mna vijipunje vya njano vyenye mambo mawili yanayotuhusu. Kuna asidi za alfa, ambazo zikichemshwa huwa uchungu wa bia. Na kuna mafuta ya harufu, ambayo yakichemshwa yanaondoka na mvuke. Ndiyo maana hopsi za uchungu huingia sufuriani, na hopsi za harufu hutiwa baadaye, bia ikiwa imekwisha kuchachuka. Hadi hapo tuko pamoja. Jambo ambalo maelekezo mengi huliruka ni kwamba hopsi isiyochemshwa huingia ndooni na vimeng'enya vyake, yaani viini vya asili vinavyokata wanga na sukari ndefu, vikiwa na nguvu zake zote.

Bia iliyomaliza kuchachuka bado ina sukari. Ile 1.014 uliyoisoma ilikuwa na dekstrini, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo chachu haiwezi kuila. Vimeng'enya vya hopsi huikata minyororo hiyo vipande vifupi. Chachu ikiona chakula inaamka, inakula, inatoa kilevi na gesi. Waingereza waliligundua hili zamani sana: mwaka 1893 Horace Brown na G. Harris Morris waliandika kwamba mapipa yaliyotiwa hopsi huchachuka upya kwa sababu hopsi zenyewe zina kimeng'enya cha kuvunja wanga. Jambo hilo likasahaulika miongo mingi, mpaka Wamarekani walipoanza kutia hopsi kwa wingi kiasi cha kulifufua.

Ulipoiweka ndoo kwenye friji, vimeng'enya viliingia ndani ya bia lakini baridi ikavipunguza kasi, na chachu ikalala. Siku mbili zikapita, hukuona povu wala kububujika, ukaamini bia imetulia. Kisha ukaijaza kwenye chupa na kuirudisha kwenye joto la Mtwara. Hapo vyote viwili viliamka, na safari hii mlango ulikuwa umefungwa kwa kizibo cha chuma.

Tufanye hesabu kidogo, maana namba ndizo zitakazokushawishi. Gesi ya bia hupimwa kwa ujazo: ujazo 1 ni lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia. Bia yako, baada ya kuchachuka kwenye joto la huko, ilibaki na kama ujazo 0.7. Gramu 140 za sukari kwa lita 20 ni gramu 7 kwa lita, zinazoongeza karibu ujazo 1.8. Jumla 2.5, bia nzuri kabisa. Lakini kila nukta moja inayoshuka kwenye haidromita, yaani 0.001, hutoa takribani nusu ujazo wa gesi. Tuseme hopsi ziliishusha bia yako kutoka 1.014 hadi 1.010, jambo la kawaida kabisa kwa dozi kama yako. Hizo nukta nne zimeongeza ujazo 2. Sasa uko 4.5, na chupa ya kawaida ya bia mimi nisingeiamini ikivuka 3. Kwenye kabati lenye nyuzi 30, hiyo ni presha ya kama mara mbili na nusu ya tairi la gari dogo, ndani ya kioo.

Kwa hiyo dawa ni kumaliza mchachuko huo ndani ya ndoo, ambako gesi ina pa kutokea. Na hapa joto lenu ni rafiki. Mpika bia wa nchi ya baridi husubiri wiki nzima na zaidi hopsi zimalize kazi yake. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 mambo huwa ya haraka zaidi. Friji itumike mwisho, kwa ajili ya kuzamisha mashapo, baada ya haidromita kuthibitisha kwamba hakuna kinachoshuka tena.

Ile harufu ya majani ya mpigo wa kwanza ina sababu nyingine. Gramu 100 kwa lita 20 ni gramu 5 kwa lita, na si nyingi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2018 wakitumia hopsi za Cascade: zaidi ya gramu 8 kwa lita, harufu haikuongezeka kwa kadiri ya hopsi zilizoongezwa, na ikaelekea kwenye majani na chai badala ya machungwa. Wewe uko chini ya hapo. Tatizo lako lilikuwa wiki mbili. Peleti zikishasambaratika ndani ya bia, sehemu kubwa ya harufu nzuri hutoka ndani ya siku moja au mbili. Baada ya hapo kinachoendelea kutoka ni ukakasi na ujanijani, na joto linaharakisha. Wiki mbili ni kanuni ya mapipa ya Uingereza, yenye maua mazima, ndani ya ghala la baridi. Aliyeihamishia kwenye ndoo ya plastiki na peleti hakufikiria Shangani.

Tuje kwenye ndoo ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo ya wapika bia wa nyumbani.

Zamani bia kali za Uingereza zilihamishiwa kwenye mapipa ya mbao zikakaa miezi, na ndani yake palichachuka kweli kwa mara ya pili. Mwaka 1904 N. Hjelte Claussen, akiwa kwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, alieleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na chachu ya aina nyingine kabisa, akaiita Brettanomyces. Bia zile zilihitaji chombo cha pili. Wapika bia wa nyumbani walirithi desturi hiyo, na wakaongeza sababu yao: kwamba bia ikikaa juu ya chachu iliyokufa itaonja nyama au mpira. Hofu hiyo ina msingi kwenye matangi marefu ya viwanda, ambako uzito wa bia huigandamiza chachu na joto hujikusanya chini. Kwenye ndoo ya lita 20, kwa wiki mbili, hata tatu, haitakusumbua. Kwa joto la huko sipendi ipite tatu.

Upande wa hasara ndio mzito. Ndoo yako nadhani ni ya lita 25. Ukimiminia bia lita 19, juu panabaki lita 6 za hewa, na sehemu moja ya tano ya hewa hiyo ni oksijeni. Ni zaidi ya gramu moja na nusu ya oksijeni, wakati viwanda hujitahidi iliyomo ndani ya bia isifike hata sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita. Mchachuko umekwisha, hakuna gesi mpya ya kuifukuza. Mafuta ya hopsi ndiyo ya kwanza kuharibika. Bia hupoteza harufu, rangi inaelekea udongo, na baada ya wiki chache unaonja boksi lililolowa. Isitoshe, ukihamisha unaiacha chachu nyuma, na hiyo ndiyo iliyopaswa kula sukari inayotolewa na hopsi na kusafisha ile harufu ya siagi inayoweza kuzuka mchachuko unapoanza upya.

Ushauri wangu basi: ndoo moja, mwanzo hadi mwisho. Haidromita ikibakiza nukta mbili tatu kufika mwisho wake wa kawaida, au ikiwa imefika hivi punde na chachu bado iko macho, fungua mfuniko upesi, tumbukiza hopsi, funga. Gesi inayoendelea kutoka itaisukuma nje hewa iliyoingia, na chachu itakula oksijeni kidogo iliyobaki. Gramu 100 zinatosha. Ukitaka zaidi, ishia 140.

Mimi napenda hopsi ziwe ndani ya mfuko ili ziweze kutolewa. Tumia melimeli au kitambaa chepesi cha pamba, kipana ili peleti zipate nafasi ya kuvimba, kichemshwe kwanza, na ndani yake utie kijiko cha pua kizito ili kizame. Chandarua usitumie, tafadhali. Vingi vilivyomo majumbani vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo haipaswi kuingia kwenye kinywaji. Siku ya tatu utoe mfuko bila kuukamua, maana ukiukamua unarudisha ule ujani uliokuwa unaukimbia. Machicha yake yafukie au yafunge kwenye taka. Mbwa akila hopsi joto la mwili humpanda hadi kufa, na uani kwa watu mbwa hawakosekani.

Kutoa mfuko hakuondoi vimeng'enya, vimeshayeyuka ndani ya bia. Kwa hiyo unasubiri. Pima siku unayotoa hopsi, pima tena baada ya siku mbili, na tena baada ya mbili. Namba zikiwa sawa, na bia hainuki siagi, imekwisha. Sampuli itikise kwanza gesi itoke, vinginevyo vipovu vinavyong'ang'ania haidromita huinyanyua na kukudanganya. Kumbuka pia haidromita nyingi zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 ongeza kama 0.0025 kwenye unachokisoma. Hiyo haibadilishi ulinganisho kama unapima kwenye joto lilelile kila mara, ila ukipima moja mchana kwenye jua kali na nyingine kutoka kwenye friji, utaona mshuko ambao haupo, au usiuone uliopo.

Baada ya hapo friji ya shemeji ni halali yako: siku moja au mbili, mashapo yazame, ujaze chupa. Sukari punguza hadi gramu 120. Tumia chupa nzito za kahawia za nusu lita, zile zinazorudishwa. Chupa za kijani na nyeupe hupitisha mwanga, na mwanga ukigusa uchungu wa hopsi huzaa harufu mbaya kama ya kicheche. Katika kila mpigo jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Iweke pamoja na za kioo na uiminye kila siku. Ikikazana kiasi cha kutobonyea, gesi imetosha, peleka zote kwenye ubaridi. Ikiendelea kukazana hata baada ya hapo, umepata onyo kabla kioo hakijasema.

Kuhusu joto kwa ujumla. Chachu za kawaida za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22, na mchachuko wenyewe huongeza nyuzi tatu hadi tano juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 30 maana yake bia iko 33 au 35, na hapo chachu ya kawaida hutoa vilevi vizito vinavyochoma koo na kuumiza kichwa asubuhi. Kuloweka ndoo kwenye beseni na kuizungushia kanga iliyolowa mbele ya feni husaidia, ila pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo maji hayakauki haraka na ubaridi wake ni mdogo kuliko wanaoupata watu wa Dodoma. Chupa za maji yaliyogandishwa, unazobadilisha asubuhi na jioni, zinafanya kazi nzuri zaidi. Na kama kila mara unahangaika na umeme, achana na vita hivyo: agiza chachu kavu ya kveik aina ya Voss, ya wakulima wa Norwei, ambayo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila kuchoma na humaliza ndani ya siku chache. Ina harufu kidogo ya machungwa, inayokubaliana na hopsi. Chachu nyingine zitunze kwa Juni hadi Agosti, usiku unapopoa.

Hopsi zikifika kwa basi kutoka Dar zimeshinda njiani kwenye joto. Siku moja haiziui kama pakiti haina hewa ndani. Inayoziua ni miezi kwenye rafu. Ukifungua zikanuka jibini au soksi, hazifai kwa harufu. Ukitumia nusu, kamua hewa yote kwenye pakiti, funga, weka kwenye friza.

Mabibo sasa, swali nililolifurahia kuliko yote. Jibu ni ndiyo, na hii ndiyo kazi pekee ambayo ndoo ya pili ningeikubali, kwa sababu juisi ina sukari, mchachuko unaanza upya kweli, na gesi yake inafukuza hewa. Hata hivyo unaweza kuimimina kwenye ndoo ileile kama nafasi ipo.

Kusini bibo halikosi kazi, wapika uraka wanalijua kuliko mimi. Lakini uraka hunywewa ungali unachachuka, na ukakasi wake ni sehemu ya utamu wake. Ndani ya bia ya hopsi ukakasi huo hugongana na uchungu, ulimi unakauka. Ni tanini. Kwa hiyo isafishe juisi kwanza. Chagua mabibo yaliyoanguka asubuhi hiyohiyo. Ng'oa korosho kwa kuizungusha bila kulipasua ganda, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi na hayatakiwi kabisa kwenye juisi. Kamua, chuja, kisha kwa lita 3 koroga kijiko kimoja cha chai cha jelatini iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Tanini hushikana na jelatini na kuzama. Wengine hutumia uji mwembamba wa mchele kwa kazi hiyo, na unafanya kazi, ila wanga wake ukibaki bia haiwi angavu. Iache kwenye friji usiku kucha, mimina ile iliyotakata, uiache tope. Ipashe moto hadi nyuzi 70 kwa dakika kumi kuua chachu za porini, bila kuichemsha, kwani bibo lililochemka huonja kama jamu. Ipoze.

Juisi ya bibo ina sukari kama gramu 110 kwa lita. Lita 3 ndani ya lita 17 za bia zinaleta gramu 330, yaani karibu nukta sita na nusu za haidromita. Hizo ni gramu 16.5 kwa lita; ziite ujazo nne wa gesi, ukaone kwa nini sitaki kusikia umejaza chupa kabla hazijaisha. Mimina juisi polepole pembezoni mwa ndoo, funga, subiri haidromita itulie. Ndipo utie hopsi, si kabla, kwa sababu gesi nyingi ya mchachuko wa tunda huondoka na harufu ya hopsi. Hapo gramu 60 zinatosha, na ningechagua Citra, yenye harufu inayoelekea embe na pesheni. Hopsi za Ulaya za kizamani kama Saaz zitafunikwa na bibo, utakuwa umepoteza pesa.

Ukipika mpigo ujao, niandikie namba mbili: haidromita kabla ya hopsi na siku ya tano baada ya kuzitia. Mshuko ukizidi nukta tano, niambie pia ulipondea kimea (yaani ulikiloweka kwenye maji ya moto kabla ya kuchemsha) kwenye joto la nyuzi ngapi. Ukipondea kwenye 68 au 70 unaacha dekstrini nyingi, na hopsi zinapata karamu. Tutaishusha hadi 65 tuone.